Gari Likibaki Peke Yake

Kwa miaka kadhaa sasa, polisi wa Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee huko Marekani, wamekuwa wakitangaza kila wiki hesabu ya bunduki zilizoibwa ndani ya magari. Mwaka 2022 pekee hesabu hiyo ilipita 1,300. Visa hivyo hufanana mno. Bastola imeachwa chini ya kiti au kwenye kisanduku cha dashibodi. Mwenyewe ameingia kazini, baa au uwanjani. Akirudi anakuta kioo kimevunjwa, au mlango umefunguliwa bila kuvunjwa kwa sababu hakuufunga. Polisi hao wameendesha kampeni ya kuwakumbusha madereva mambo matatu: funga gari, toa ufunguo, usiache bunduki ndani.

Katika maegesho hayohayo, anayepita kwa miguu anaweza kusoma vioo vya nyuma vya magari kwa dakika kumi akajua mengi. Pikapu moja ina neno GLOCK kwa herufi nyeupe. Nyingine ina kichwa cha paa dume, nembo ya kampuni ya Browning. Ya tatu ina jina la SIG Sauer, ya nne ina nembo ya NRA, chama cha wenye bunduki kilichoanzishwa mwaka 1871 ambacho huwapa wanachama wake vibandiko. Nyingine ina picha ya mzinga, nyota moja, na maneno ya kumwambia adui aje auchukue.

Wenye magari hayo hawajavunja sheria yoyote. Wengi wao ni watu makini: wamefundishwa kulenga shabaha, wana vibali pale vinapohitajika, na hawajawahi kumtishia mtu. Swali la sura hii linawahusu wao hasa, kwa kuwa wao ndio wanaojali bunduki zao ziko wapi na ziko mikononi mwa nani. Je, inafaa kutangaza kwa stika kwamba wanazo?

Stika na watu wake

Stika ya bampa ni kitu cha Kimarekani tangu mwanzo. Anayetajwa kuwa baba yake ni Forest Gill, mchapishaji wa Kansas City, ambaye baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliunganisha karatasi yenye gundi na wino unaong'aa. Kabla yake, matangazo yalifungwa kwenye bampa kwa waya au kamba. Gundi ilirahisisha mambo, na muda si mrefu magari yakaanza kubeba majina ya mapango ya kitalii, wagombea urais, makanisa, timu na vyuo.

Bunduki nazo zilipata nafasi, kwa sababu zinazoeleweka. Uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya watu wazima wa Marekani wanasema wanamiliki bunduki, na asilimia 72 ya wamiliki hao walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa. Kwa mtu aliyelelewa kijijini Arkansas au Montana, bunduki ni baba aliyempeleka kuwinda akiwa na miaka kumi, ni nyama ya paa kwenye friza, ni mzee aliyerudi vitani. Stika humsalimia mwenzake barabarani. Humwambia pia jirani wa mjini kwamba watu wa namna hii wapo, ni wengi, na hawaoni aibu.

Haja hiyo ya kuonekana ni ya kweli na inastahili heshima. Mtu anayehisi kwamba jambo analolipenda linasemwa vibaya kwenye televisheni kila siku hutafuta pa kujibu, na kioo cha nyuma cha gari lake ni ukurasa asiohitaji kumwomba mhariri.

Sheria nayo imesimama upande wake. Mwaka 1971, katika kesi ya Cohen dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimlinda kijana aliyeingia katika jengo la mahakama akiwa na koti lenye tusi dhidi ya uandikishaji wa jeshi. Miaka 20 baadaye, mahakama ya juu ya jimbo la Georgia ilifuta sheria iliyokataza maneno machafu kwenye stika za magari. Ikiwa tusi linalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, jina la kiwanda cha bastola linalindwa zaidi. Haki ipo. Kinachobaki kupimwa ni busara.

Anayesoma wakati mwenyewe hayupo

Hoja kubwa ya wanaozitetea stika hizi ni kwamba zinamtisha mhalifu. Hoja hiyo ina ushahidi nyuma yake, na haifai kuipuuza. Katika miaka ya 1980, watafiti James Wright na Peter Rossi waliwahoji wafungwa wapatao 1,800 katika majimbo 10. Zaidi ya nusu walikubali kwamba mhalifu hatamchokoza mtu anayemjua kuwa ana bunduki. Karibu robo tatu walikubali kwamba wezi wa majumbani huogopa kuingia wenyewe wakiwemo kwa sababu wanaweza kupigwa risasi.

Majibu hayo yasomwe kwa makini. Wafungwa walisema wanamwogopa mtu. Waliogopa mkono ulioshika bunduki na jicho linalolenga. Hakuna aliyesema anaiogopa bastola iliyolala peke yake kwenye kisanduku cha dashibodi. Katika utafiti huohuo, karibu nusu ya wafungwa walikiri kwamba waliwahi kuiba bunduki angalau mara moja maishani.

Wachumi Philip Cook na Jens Ludwig walilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2003 walichapisha uchambuzi wa wizi wa majumbani kwa kulinganisha maeneo yenye bunduki nyingi na yenye bunduki chache. Kama bunduki zingewafukuza wezi, maeneo yenye bunduki nyingi yangekuwa na wizi mdogo. Hawakukuta hivyo, wizi ulielekea kuwa mkubwa kidogo. Maelezo yao ni ya kibiashara: bunduki ni ndogo, hubebeka, na huuzika mtaani haraka kwa bei nzuri. Mwizi anayechagua kati ya nyumba mbili zisizo na watu ana kila sababu ya kuchagua ile anayotarajia kukuta bunduki.

Gari ni rahisi kuibiwa kuliko nyumba. Halina mbwa, halina jirani wa kuchungulia dirishani, na kioo chake huvunjwa kwa sekunde moja. Shirika la Everytown for Gun Safety, linalopigania udhibiti wa silaha, lilichambua takwimu ambazo polisi wa miji 337 waliipa FBI kwa mwaka 2022. Karibu bunduki 112,000 ziliripotiwa kuibwa katika miji hiyo, na zaidi kidogo ya nusu zilitoka kwenye magari. Miaka kumi kabla, sehemu iliyotoka kwenye magari ilikuwa takriban robo. Zaidi ya hizo kuna zile ambazo wenyewe hawakuziripoti kabisa. Watafiti David Hemenway, Deborah Azrael na Matthew Miller, waliowahoji wamiliki moja kwa moja, walikadiria mwaka 2017 kwamba bunduki zinazoibwa nchini humo kwa mwaka ni kama 380,000.

Sheria zenyewe zimechangia kuzifikisha bunduki kwenye maegesho. Mwaka 2002, kiwanda kimoja cha karatasi huko Valliant, Oklahoma, kiliwafukuza wafanyakazi waliokutwa na bunduki kwenye magari yao. Hasira za wananchi zilizaa sheria ya mwaka 2004 iliyomkataza mwajiri kumzuia mfanyakazi kuacha bunduki kwenye gari lililofungwa. Majimbo mengine mengi, Tennessee likiwemo, yakafuata. Wakati huohuo viwanja vya mpira, mahakama, ofisi za posta na shule vimeendelea kukataza silaha ndani. Mtu aliyetoka nyumbani na bastola kiunoni akifika mlangoni ana njia mbili: arudi nyumbani, au aiache garini. Wengi huiacha garini.

Kibaka anayezunguka maegesho ya uwanja siku ya mechi anayajua yote haya. Anajua kwamba wenye magari wako ndani kwa saa tatu, na kwamba bastola haziruhusiwi kuingia. Anachokosa ni jibu moja tu: avunje lipi kati ya magari elfu mbili? Stika ya kiwanda cha bastola humpa jibu hilo. Hata kama mwenye gari ameiacha bastola nyumbani siku hiyo, kioo kitavunjwa kwanza, ndipo mwizi agundue.

Madhara hayaishii kwenye kioo. Gari hulala mbele ya nyumba, na stika hueleza nini kimo ndani ya nyumba hiyo. Likionekana uwanja wa ndege, huenda nyumba iko tupu. Kwenye kioo hichohicho mara nyingi kuna jina la shule ya mtoto, namba ya jezi yake, na vikaragosi vya baba, mama, watoto watatu na paka. Kila kimoja peke yake ni furaha ya familia. Vikiwekwa pamoja na jina la bastola, vinampa mgeni habari ambazo mwenye gari asingemwambia hata akiulizwa ana kwa ana.

Hata ule mzinga na nyota vya kwenye kioo vina historia yake. Vinatoka Gonzales, Texas, Oktoba 1835. Serikali ya Mexico ilikuwa imewakopesha walowezi mzinga wa kujikinga na mashambulizi ya Wakomanche, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Ilipotuma askari kuudai, walowezi walikataa na kupandisha bendera ya kumwambia adui aje auchukue. Maneno ya Kigiriki yenye maana hiyohiyo, ambayo nayo yamejaa kwenye pikapu za Marekani, mwandishi wa kale Plutarko aliyahusisha na mfalme Leonidas wa Sparta, aliyepigana Thermopylae mwaka 480 kabla ya Kristo. Visa vyote viwili vinafanana kwa jambo moja: waliosema walikuwa wamesimama kando ya silaha zao. Ujasiri wa maneno yale ulitokana na miili yao kuwa pale. Pikapu iliyoachwa ghorofa ya tatu ya maegesho saa nane usiku inasema maneno hayohayo bila mtu yeyote wa kuyasimamia.

Bunduki ikishatoka

Tarehe 27 Juni 2015, mwizi alivunja gari la askari wa shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma, lililokuwa limeegeshwa katikati ya San Francisco. Ndani kulikuwa na begi, na ndani ya begi kulikuwa na bastola. Siku nne baadaye, bastola hiyo ilifyatuliwa kwenye gati namba 14, mahali watu wanapotembea kutazama ghuba. Risasi iligonga sakafu, ikaruka, ikamuua mwanamke mwenye umri wa miaka 32 aliyekuwa akitembea na baba yake.

Kesi hiyo ilitawala siasa za uhamiaji za Marekani kwa miaka miwili, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa mhamiaji aliyewahi kufukuzwa nchini mara kadhaa. Mwaka 2017 jopo la raia walioisikiliza halikumtia hatiani kwa mauaji. Katika kelele zile, mwanzo wa kisa ulisahaulika: bastola ya askari, mtu aliyefundishwa na kuapishwa, iliachwa ndani ya gari. California haikusahau. Mwaka 2016 ilipitisha sheria inayowataka hata polisi kuzifungia bastola zao wanapoziacha garini.

Kisa hiki kinaonyesha safari ya bunduki iliyoibwa: kutoka kwa mtu makini hadi kwa mtu asiyejulikana, ndani ya siku nne. Mmiliki anayesema anabeba bastola ili kuilinda jamii yake ana wajibu wa kuifikiria safari hiyo kabla ya kubandika chochote kinachoweza kuianzisha.

Barabarani na mahakamani

Wako wasomaji wengine wa stika, nao hawana nia ya kuiba. Ni madereva walio nyuma, askari wa trafiki, na siku mambo yakiharibika, mwendesha mashtaka.

Mwaka 1975 watafiti wa Utah walichapisha jaribio la kuvutia. Pikapu ilisimama kwenye taa na haikuondoka ilipowaka kijani. Wakati mwingine ilikuwa na bunduki dirishani pamoja na stika ya kisasi. Wakati mwingine bunduki na stika ya urafiki. Wakati mwingine haikuwa na bunduki. Katika jaribio moja, madereva walipiga honi zaidi kwa ile yenye bunduki na neno la kisasi. Watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo haifai kulifanya msahafu. Lakini kwa mtu anayedhani kwamba kuonyesha silaha huwafanya wengine wawe wapole barabarani, ni onyo la kutosha.

Mwaka 2008, William Szlemko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walikuta kwamba madereva wenye stika na mapambo mengi kwenye magari yao walikiri kuendesha kwa hasira zaidi. Ujumbe wa stika haukuleta tofauti. Ya amani na ya vita zilikuwa sawa. Brad Bushman na wenzake walilifikisha jambo hili ndani ya gari mwaka 2017: kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, watu waliowekewa bastola kwenye kiti cha abiria waliendesha kwa ukali kuliko waliowekewa raketi ya tenisi. Mwenye bunduki anahitaji utulivu kuliko dereva mwingine yeyote, kwani ugomvi wake wa barabarani unaweza kumalizika kwa kifo.

Kuhusu polisi, stika peke yake si sababu halali ya kumsimamisha mtu. Hata hivyo, askari anayelikaribia gari usiku huangalia kila kitu, na jina la bastola kwenye kioo humwingiza katika mazungumzo akiwa na wasiwasi. Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, msimamizi wa jikoni la shule, alimwambia askari kwa adabu kwamba alikuwa na bunduki. Alikuwa na kibali. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti cha dereva, mbele ya mwenzi wake na mtoto mdogo aliyekuwa kiti cha nyuma, na askari huyo aliachiwa huru mwaka uliofuata. Wamarekani Weusi wenye vibali wanakumbuka kisa hicho kila wanapoona taa za polisi kwenye kioo. Kwao, kubandika au kutobandika ni suala zito kuliko kwa wengi.

Gari pia huvuka mipaka ya majimbo. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yaliruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, lakini ng'ambo ya daraja sheria inaweza kuwa nyingine kabisa. Mwaka 2013, mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali cha Pennsylvania alisimamishwa New Jersey, akamweleza askari ukweli kuhusu bastola yake, na akajikuta akikabiliwa na kifungo cha miaka. Ilibidi gavana Chris Christie amsamehe mwaka 2015. Makosa ya namna hiyo hutokea hata kwa wasio na stika. Stika hulianzisha swali pale ambapo pengine lisingeulizwa.

Mahakamani ndipo maneno ya kejeli hugeuka mzigo. Massad Ayoob, mwalimu mashuhuri wa kujihami kwa silaha, amewaonya wanafunzi wake kwa miongo kadhaa wasibandike maneno ya kutamani kuua, kwa sababu mwendesha mashtaka atayasoma kwa sauti. Mfano wa karibu na huo ulitokea Mesa, Arizona. Askari mmoja alimuua mgeni wa hoteli Januari 2016. Bunduki yake ilikuwa imechongwa tusi la kumwambia anayelengwa kwamba amekwisha. Jaji aliamua jopo lisiyaone maneno hayo, na askari akaachiwa. Mawakili walilazimika kubishania mzaha wa kwenye chuma, na jaji mwingine angeweza kuamua tofauti. Raia aliyejitetea kwa haki hana sababu ya kuingia kwenye kesi hiyo akiwa na mzigo aliojitwisha kwa dola tano.

Pa kuyaweka maneno

Wengine watajibu kwamba kuondoa stika ni kukubali aibu. Jibu ni kwamba sauti ina mahali pengi. Kofia na fulana husema yaleyale, lakini huondoka na mwenyewe. Yupo kuyajibia maneno yake, na anaweza kuzivua anapoingia mahali pasipofaa. Uanachama, kura, barua kwa mbunge, na kumwalika jirani mwenye hofu kwenye uwanja wa shabaha ni sauti kubwa kuliko herufi tano za kiwanda, ambazo kwa kweli ni tangazo la bure la biashara. Stika yenyewe hukaa vizuri kwenye kisanduku cha spana karakanani, mbele ya macho ya marafiki.

Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya Colorado inamtaka anayeacha bastola ndani ya gari lisilo na mtu aifungie kwenye kasha gumu lenye kufuli, lisiloonekana kwa nje, na gari lenyewe lifungwe. Makasha ya chuma yanayofungwa kwa waya mnene kwenye miguu ya kiti yanauzwa madukani kwa bei ndogo sana kuliko ya bastola yenyewe. Bora zaidi, bastola iingie ndani ya nyumba kila usiku.

Sheria hiyo haikugusa stika, na Katiba isingeiruhusu kwa urahisi. Sehemu hiyo imeachiwa wenye magari, na si ngumu: joto la kikausha nywele hulegeza gundi, kadi ya plastiki huinua ncha, na spiriti hufuta kinachobaki. Atakayeianza leo aanze na bastola iliyo chini ya kiti, kisha amalizie na kioo cha nyuma.